Shukeni Wote

Nilimwona Elia amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya turubai la msiba, amefumba macho, mikono yake miwili iko mbele ya kifua kama mtu aliyeshika sinia. Mkono mmoja ukasogea polepole, ukavuta kitu ambacho hakikuwepo. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Mimi nilikuwa natoka jikoni na beseni la viazi, nikasimama pale pale mpaka mama mmoja nyuma yangu akaniambia, "Dada, pita basi, moshi unatuua huku." Sikupita. Kitu nilichokizika zaidi ya miaka ishirini iliyopita kilikuwa kimekaa mbele yangu kwenye kiti cha plastiki, kimefumba macho, kinaendesha.

Elia ni mtoto wa mdogo wake Tobia, marehemu mume wangu. Hakumwona baba yake mkubwa hata kwa sura, alizaliwa sisi tumeshazika, lakini mikono ni ile ile, mirefu, ya kutulia. Amesomea kurusha ndege. Siku ile tulikuwa Lyamkena, hapa hapa Makambako, kwenye msiba wa Mzee Nikodemu, ambaye ujana wetu wote alikuwa dereva wa lori la majani ya chai kule Lupembe, na kesho yake tulitakiwa kumpeleka huko akazikwe. Ungedhani wanaume waliozunguka moto wanamzungumzia marehemu. Walikuwa wanazungumza ndege. Kuna mtu mwenye vindege vidogo vya kukodi amemwahidi Elia kwamba mwezi ujao atampa abiria, akae kiti cha kushoto, awe yeye ndiye mkubwa humo ndani. Makampuni makubwa yamemkataa, yanasema saa zake angani bado chache.

"Saa ndiyo nini?" alisema mmoja aliyejifunika blanketi mpaka masikioni. "Kwani ndege inakuuliza una saa ngapi?"

"Wanabana tu hao. Wanataka kuweka watoto wao."

"Leseni anayo au hana? Kama anayo, basi. Leseni ni leseni, jamani."

Wakacheka, wakampigia Elia makofi, naye akafumbua macho akatabasamu kama mtu aliyeamshwa. Aliponiona nimesimama na beseni akainuka haraka kunipokea. "Shikamoo mama mkubwa. Nilikuwa nafanya mazoezi tu. Ndivyo tunavyofundishwa, unairusha safari nzima ukiwa umekaa." Nikamwambia, "Najua. Nimeshamwona mtu akishuka mlima mzima akiwa amekaa kwenye kigoda." Hakuelewa. Nani angemwambia? Kwenye ukoo wao jina la Tobia linatajwa kwa sauti ya chini, na wakilitaja macho yao yananitafuta mimi. Basi nimeamua niuseme mwaka ule. Shule yangu iliishia darasa la saba na sitaki kujifanya najua mambo ya ndege. Lakini hilo la leseni ni leseni nalijua kuliko wote waliokuwa pale motoni. Nimelala nalo kitanda kimoja.

Mwaka nilioolewa na Tobia tulipanga chumba kimoja Lupembe, nyuma ya nyumba ya mwinjilisti. Dirisha lilikuwa la ubao, ukilifungua ukungu unaingia ndani kama mgeni aliyezoea, ukilifunga unabaki na giza. Kila kitu kilinuka majani mabichi: makoti yetu mawili kwenye msumari, blanketi, hata chumvi. Mimi nilikuwa mchumaji. Yeye alikuwa ametoka kuendesha pikapu ya tajiri mmoja wa Makambako anayeitwa Fidelisi. Nalitaja jina lake kwa sababu yu hai na ana nyumba ya ghorofa. Fidelisi alikuwa na malori ya kubeba majani kutoka kwenye mashamba ya wakulima wadogo kupeleka kiwandani. Lori la upande wetu aliliendesha Mzee Nikodemu, na Tobia aliletwa akae pembeni yake ajifunze. Leseni alikuwa nayo mfukoni, mpya, imefungwa kwenye nailoni. Kwenye lami ya Makambako na Njombe alikuwa hodari, hilo hakuna anayebisha. Lakini Lupembe siyo lami. Mvua ikinyesha udongo ule mwekundu unakuwa sabuni, na kati ya mashamba yetu na kiwanda upo mteremko wa Mianzini, mrefu, wenye kona tatu na korongo upande wa kulia.

Watu walimwita Mzee Nikodemu Konokono, na hawakumwita kwa mapenzi. Mvua ikianza anasimamisha lori, anazima, anakunja koti, anasubiri. Na akifika juu ya Mianzini, kama kuna unyevu hata kidogo, anatoa kichwa dirishani na kupiga ukelele mmoja tu: "Shukeni wote!" Maana sisi wachumaji tulirudi na lori hilo hilo, tumekaa juu ya magunia ya majani. Alitushusha wote, wazee kwa watoto, mwenye mimba na mwenye mguu mbaya. Analiteremsha lori peke yake, sisi tunalifuata nyuma kwa miguu tukiteleza na kumtukana. Akifika chini anatusubiri. Wala haombi radhi. Alikuwa mzee wa pombe ya ulanzi na maneno machache, na ujuzi wake aliushika kama mtu anayeshika tonge mbele ya wageni wengi. Tobia alikaa naye miezi na miezi bila kupewa usukani gari likiwa na mzigo. Mvua ikinyesha alimwamuru avue viatu atangulie mbele ya lori kwa miguu, ajue udongo unashika wapi na unaachia wapi. Watu walimcheka. Jioni alirudi nyumbani miguu imekuwa myekundu mpaka magotini, nammwagia maji ya moto kwenye karai, naye ananiambia, "Eda, leo nimejua kitu. Kona ya pili upande wa mianzi haikauki hata jua liwake vipi."

Na baada ya kula ndipo aliposhuka mlima. Tukimaliza ugali na maharage, au viazi vya kuchemsha siku za chumvi tupu, alikaa kwenye kigoda katikati ya chumba, akachukua mfuniko wa sufuria akaushika kwa mikono miwili, akafumba macho. "Niko juu," anasema. "Nimesimama. Nimeweka gia ya kwanza kabla halijaanza kuvuta. Breki siigusi. Naliachia." Mguu wake unapanda na kushuka sakafuni. "Jiwe jeupe hili hapa. Kona." Mimi naosha vyombo nacheka. Namuuliza, "Umefika?" Ananijibu kwa ukali kidogo, "Bado, usinisemeshe, niko kona ya pili." Siku nyingine alifumbua macho ghafla na jasho, akasema, "Limenishinda hapa," kisha anarudi juu kuanza upya. Mfuniko ule ninao. Umepinda ukingo, haufuniki tena vizuri, lakini sina roho ya kuutupa. Siku ile ya msiba nilimwuliza Elia, "Na wewe huwa linakushinda?" Elia akasema, "Upepo wa kutoka pembeni, mama mkubwa. Ndio unaonishinda." Ni jibu la mtu mkweli. Lilinitia hofu zaidi.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Majani ya chai hayasubiri. Yakikaa kwenye gunia yanapata moto yenyewe, yanageuka rangi, na yakifika hivyo hayapokelewi. Mzee Nikodemu alilaza lori njiani mara kadhaa kwa sababu ya mvua, na wakulima wakamwaga majani yao porini huku wanalia. Tusidanganyane, hasira zile zilikuwa na haki yake. Lakini Fidelisi alikuwa na msimamizi anayeitwa Obadia, mtu mfupi wa kofia ya ngozi, na huyo Obadia ndiye aliyezunguka kwenye vituo vya kupimia majani akiwauliza watu, "Mnataka dereva au mnataka babu?" Watu wakasema wanataka dereva. Mzee Nikodemu akaambiwa apumzike. Akashuka kwenye lori, akachukua koti lake na kibuyu chake, akaondoka kwenda Makambako bila kumuaga mtu, hata Tobia aliyekuwa amemtangulia kwa miguu kwenye matope msimu mzima.

Tuliitwa nyumbani kwa Fidelisi, mimi na Tobia. Nakumbuka sebule ile vizuri kwa sababu sikuwahi kukaa kwenye kochi laini namna ile. Nilikaa ukingoni nisije nikazama. Vitambaa vyeupe kila mahali, hata juu ya redio. Tukaletewa chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Tobia hakugusa mkate. Alisema maneno ambayo nataka kila anayesoma hapa ayashike, kwa sababu baadaye watu waliapa kwamba hakuyasema kamwe.

"Tajiri, nashukuru. Lakini mimi kwa mlima ule bado. Mrudishe Mzee, nikae naye mpaka mvua ziishe. Usukani wa Mianzini nimeushika gari likiwa tupu tu."

"Tupu na lenye mzigo si gari lile lile?" alisema Fidelisi.

"Siyo gari lile lile, Tajiri."

Obadia akacheka mpaka akaivua kofia. "Huyu Konokono amemroga. Sasa unasubiri nini, Tobia, uote mvi kwanza?"

Fidelisi hakucheka. Alimwinamia Tobia kwa upole, na upole ule ndio ninaoukumbuka nikikosa usingizi. "Mdogo wangu, hata ndege siku hizi zinarushwa na vijana wadogo kabisa, na watu wazima na heshima zao wamekaa nyuma wanasinzia. Sembuse lori la majani? Leseni unayo. Mimi nimekuamini. Kama wewe hujiamini sema sasa hivi, yupo kijana wa kwenye lori la matofali, kesho yuko Lupembe."

Tulipotoka nje nikamwambia Tobia akatae, twende tukalime. Akaniambia, "Nikikataa atapewa huyo wa matofali, na huyo Mianzini hajawahi kupaona hata kwa macho. Juu ya magunia unakaa wewe, Eda. Anakaa Mama Sara. Bora mimi." Ndivyo walivyomkamata. Yule aliyejua kwamba hatoshi ndiye aliyekubali, kwa sababu aliyefuata alikuwa hatoshi zaidi na wala hajui.

Kabla ya kuanza tulikwenda Lyamkena kumwomba Mzee Nikodemu. Na hapa nitamsema marehemu, watu wanisamehe, nimemlilia na nimewapikia watu wa msiba wake, lakini nitamsema. Mimi nilikaa jikoni na mkewe, anachochea moto wa makande, na ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, kila neno lilipita. Tobia alipiga magoti, nilisikia magoti yanagusa sakafu. "Mzee wangu, njoo ukae pembeni yangu siku chache tu. Usishike kitu. Kaa tu."

"Leseni unayo?"

"Ninayo, Mzee."

"Mimi nina nini? Mimi nina ubabu. Wamesema hawataki babu. Nenda kaendeshe."

Mke wake alinishika mkono, akanong'ona, "Hasira hizo, mwanangu. Zitapoa. Akimaliza kulima atakwenda mwenyewe." Tukala makande sote wanne kwenye sinia moja, na Mzee akamsogezea Tobia upande wenye maharage mengi, sijui ilikuwa nini ile, huruma au nini. Tulipokuwa tunatoka getini akaita, "Wee Tobia! Kukiwa na maji, washushe." Basi. Hasira zake zilipopoa tulikuwa tumeshazika.

Tobia aliliendesha lori, na wiki za kwanza watu walimsifu mpaka nikaona haya. Majani yalifika yakiwa mabichi. Akipita kwenye vituo wanapiga vigelegele, "Huyu ndiye dereva!" Mama Sara, aliyekuwa rafiki yangu mkubwa shambani, mama mnene mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa akinigonga kiuno na kikapu: "Eda mwenzetu umeolewa na rubani, sisi wengine tumeolewa na majembe." Lakini kila kulipokuwa na unyevu juu ya Mianzini alisimama, akatoa kichwa, akasema yale yale ya Mzee. Mwanzoni walishuka. Baadaye wakaanza kushuka wakinung'unika. Sifa zile zilikuwa na kamba; walimsifu awe mwepesi, na kila akisimama waliivuta.

Siku yenyewe mvua ilianza mchana. Tulichuma nayo. Magunia yalikuwa yamelowa, mazito kupita siku zote, na Obadia alikuwa amekuja siku hiyo, amekaa kebini pembeni ya Tobia, mahali pa Mzee Nikodemu. Tulikaa juu ya mzigo tumejifunika nailoni, tumebanana, Mama Sara katikati anatuchekesha tusahau baridi. Lori likafika juu ya Mianzini likasimama. Kichwa cha Tobia kikatoka dirishani, maji yanamtiririka usoni.

"Shukeni wote!"

Hakuna aliyeinuka.

"Konokono amezaa!" mwanamume mmoja akapiga kelele kutoka chini ya nailoni, na lori zima likaangua kicheko.

"Tobia baba, tuhurumie," Mama Sara akasema. "Mvua yote hii? Tukishuka tutafika kesho. Wewe si fundi? Teremka, sisi tumekuamini."

"Jamani, nawaomba. Shukeni wote, mzigo ni mzito."

Nilimsikia Obadia ndani, sauti yake ilikuwa kubwa kuliko injini: "Hawataki, waache! Majani yanaiva kwenye magunia hayo. Twende, bwana, twende!"

Tobia akageuza macho akanitafuta. Hakuniambia kitu. Hakuita jina langu. Aliniangalia tu, na mimi nikaona haya kwamba mume wangu anasema na hakuna anayemsikia, hata mimi nimekaa. Nikatoka kwenye nailoni nikashuka. Nilidhani nikishuka mimi wengine watafuata. Badala yake wakanipigia makofi. "Mke mtiifu huyo!" Mama Sara akacheka, "Nenda mwenzangu, ukifika chini utukute tumeshakunywa chai." Nilibaki kwenye matope, peke yangu, na lori likaanza kunipita.

Sisemi hakukosea. Wanaomtetea mtu kwa uongo wanamzika mara ya pili. Kigodani gia ya kwanza aliiweka juu, kabla lori halijaanza kuvuta. Siku ile, baada ya kubishana na watu, na yule mtu anamfokea sikioni, alianza na gia ya pili. Nilijua kwa mlio, maana jioni nyingi nimeusikia mlio huo kutoka mdomoni mwake. Akafika jiwe jeupe ndipo akagundua. Akataka kushusha gia pale kwenye mteremko, na ile ya kwanza ikagoma kuingia. Nikasikia chuma kinasaga chuma, mara mbili, kisha nikasikia injini imekuwa nyepesi, haina kazi, na lori linakwenda lenyewe. Taa nyekundu za breki zikawaka. Matairi yakaacha kuzunguka lakini lori halikuacha kwenda. Alijua. Kujua alijua kila kitu, angeweza kukueleza akiwa amefumba macho. Mkono ndio ulikuwa haujafanya mara za kutosha kiasi cha kufanya wenyewe wakati kichwa kimejaa kelele. Kona ya pili, ile isiyokauka, niliona mlango wa kushoto unafunguka na Obadia anaruka. Kisha mianzi ikalala, ikainuka tena, na lori halikuwepo barabarani.

Watu tuliowazika wiki ile siwahesabu hapa. Tobia alitolewa usukani ukiwa bado mikononi. Redio ikasema uzembe wa dereva. Obadia, mkono wake umefungwa kwenye kitambaa, akawaambia waliouliza kwamba dereva alikuwa na haraka na alikuwa akijisifu. Fidelisi akaja msibani na gunia la mchele, akasema mbele ya watu, "Kijana aliniambia anaweza." Mbele yangu. Nikainuka niseme, shangazi mmoja akanivuta gauni nikakaa.

Lakini hayo yote ningeyabeba. Ambalo sikuweza ni swali lililoanza pale pale kwenye mkeka, likaenda kisimani, likaenda kanisani, likanifuata mpaka sokoni Njombe: "Mbona mkewe alishuka?" Wakasema alijua lori bovu akamnong'oneza mkewe, wengine akawaacha wafe. Waliobaki hai walikuwepo, masikio walikuwa nayo, na hakuna aliyesema kwamba tuliambiwa wote. Nani angesema? Wafiwa wangemuuliza, basi kwa nini marehemu wetu hakushuka? Nilikwenda hospitali kumwona Mama Sara, nyonga imevunjika, amelazwa ubavu. Nikampelekea uji wa ulezi. Nikamuuliza taratibu, "Mama Sara, si ulisikia alichosema?" Akageuza uso ukutani. Uji ukapoa, nikauchukua nikatoka nao. Mwaka ukaisha hivyo. Nikahamia Makambako, nikafungua kibanda cha chai na chapati karibu na stendi, na Lupembe sikurudi tena mpaka siku ya kumzika Mzee Nikodemu.

Tulikwenda na kosta ya kukodi, jeneza limetangulia kwenye pikapu. Mama Sara alikuwemo. Sikujua atakuja. Amekuwa mwembamba, fimbo mkononi, amekaa kiti cha mbele kabisa, na mimi nilikaa nyuma na Elia. Tangu Makambako mpaka kule hatukusemeshana zaidi ya kamwene, salamu ya kwetu, ya kupandia gari. Njiani nikamsimulia Elia yote, kama nilivyoandika hapa. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishoni akauliza jambo moja tu: "Alijuaje kwamba bado?" Nikamwambia kwa sababu kigodani wakati mwingine lilikuwa linamshinda, na hakujificha nalo.

Siku ile hapakuwa na mvua, jua lilikuwa limewaka na barabara imemwagwa kifusi kizuri. Tulipofika juu ya Mianzini nikasikia mdomo wangu unasema, "Dereva, nishushe."

"Mama, hapa siyo kituo."

"Nishushe, mwanangu. Nitawakuta chini."

Watu wakaanza. "Tutachelewa kaburini!" "Huyu mama vipi, kuna nini hapa?" Vijana hawajui. Dereva akasimama, shingo upande, nikapita katikati ya magoti ya watu na Elia nyuma yangu. Nilipofika mlangoni nikaona fimbo imetangulia mbele yangu, inagonga ngazi.

"Bibi, wewe kaa," dereva akasema. "Utaumia."

"Leo nashuka," alisema Mama Sara.

Akashika mlango kwa mikono miwili, akateremka ubavu ubavu kama mtoto. Alipokanyaga chini akageuka akawatazama waliobaki ndani, wengi wao watoto na wajukuu wa wale tuliozika. Sauti ilikuwa ndogo, siyo ile ya zamani, lakini walinyamaza wakamsikia. "Kijana wa watu alisema shukeni wote. Mara mbili alisema. Tukamcheka. Mimi ndiye niliyemwambia ateremke." Kisha akanitafuta mkono bila kuniangalia. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sijui kama nimesamehe. Nilimpa mkono.

Tukashuka watatu, Elia kushoto kwake na mimi kulia, kosta ikatupita taratibu. Kwenye jiwe jeupe Elia akasimama. "Ni hapa alipokosea?"

"Hapana. Hapa ndipo alipogundua. Pa kurekebisha palikuwa kule juu, kabla halijaanza kwenda."

Akageuka akatazama kule juu muda mrefu, mikono yake mirefu imening'inia tu. "Yule mwenye ndege nitamwambia bado," akasema.

"Mwambie. Na asiposikia, shuka."

Mianzi imeota tena, mingi kuliko zamani, korongo halionekani. Tulikwenda kwa mwendo wa fimbo ya Mama Sara, tukipumzika kila kona. Chini dereva alikuwa amezima injini anatusubiri, watu wamechungulia madirishani. Mama Sara akasimama, akageuka nyuma, akaupima mteremko wote kwa macho, kutoka juu mpaka pale tulipokuwa.

"Eda," akasema, "kumbe si mbali."